Mwenzangu Umemtupa Wapi?

Mjomba alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, akasikiliza na wa pili. Wa tatu ulipoanza alinyoosha mkono nimpe simu, akauzima.

"Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno hilohilo, "kazi nzuri. Sauti imetakata kabisa. Lakini mwenzangu umemtupa wapi?"

Sikumwelewa. Mwenzake ni mkewe, na mkewe tulimzika miaka minane iliyopita hapahapa Chiwata. Nikadhani uzee umeanza kumchezea. Akanisaidia: "Kaseti yenye karatasi ya kijani. Baina ya wimbo wa NUTA na ule wa Western. Alikuwa ananiita."

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa usiku na kompyuta ya kuazima, hedifoni masikioni, nikikata kila kisichokuwa wimbo. Nilikata jogoo. Nilikata mtangazaji aliyeanza kutaja saa. Nilikata sauti ya mwanamke kutoka uani akiuliza kata ya maji iko wapi, kisha sauti ya mjomba akiwa kijana, ya chini na kali, "Nyamaza, narekodi!", kisha yule mwanamke anacheka. Sekunde sita, pengine saba. Nilizichagua kwa kipanya, nikafuta, nikaendelea na wimbo uliofuata.

Kaseti yenyewe haipo tena. Usiku uleule, nilipotaka kurudia upande wa pili, redio ya kuazima iliutafuna mkanda. Nilipoutoa ulikuwa umekunjamana kama utumbo wa kuku, na kalamu haikusaidia kitu. Rekodi ndefu niliyokuwa nimeiingiza kwenye kompyuta nilishaifuta ili kupata nafasi. Kwa hiyo hata ningetaka kumrudishia mjomba mwenzake, sina pa kumtoa.

Nilimweleza hivyo. Akasema, "Basi." Kwa wazee wa kwetu "basi" si lazima iwe na maana ya kwamba jambo limekwisha.

Sisi wasikilizaji tuko wanne. Kuna fundi simu, ambaye kibanda chake ndicho ukumbi wetu kila Jumapili jioni. Kuna mwalimu wa hesabu, kuna dada wa duka la dawa, na mimi ambaye msimu wa korosho hufanya ukarani na miezi mingine hungoja ajira kama wenzangu wengi wenye shahada. Anayekwenda Mtwara au Dar es Salaam hurudi na kadi ya kumbukumbu iliyojaa. Kila wiki mmoja wetu huchagua albamu moja, wote tunaisikiliza siku saba, kisha Jumapili tunagombana.

Mwalimu ndiye aliyetuanzisha. Alikuja na daftari la hesabu, ukurasa wa kwanza kaandika kwa kalamu nyekundu: Jazz, Albamu za Lazima. Ya kwanza ilikuwa Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Ya pili A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964 na kutoka mwaka uliofuata. Orodha iliendelea hadi ukurasa wa nne. Nakiri kwamba ile A Love Supreme nilijidai kuielewa wiki nzima kabla sijaielewa. Nilitikisa kichwa pale wenzangu walipotikisa. Neno lazima lina nguvu hiyo: likishaandikwa juu ya kitu, asiyekipenda anajiona mwenye kasoro, na kwa kuogopa kasoro mtu husema uongo.

Dada wa duka la dawa hakusema uongo. Jumapili ile aliuliza, "Lazima ya nani? Dawa ya lazima naijua, ukiikosa unakufa. Hii nikiikosa nitakufa?" Mwalimu akajibu kwamba kuna vifo vya namna nyingi. Lilikuwa jibu zuri, lakini naona swali lilikuwa zuri zaidi.

Sasa, mjomba aliposikia kwamba tunakutana kusikiliza jazz, alifurahi sana. Kwake jazz ni Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, NUTA Jazz, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ambayo yeye huihesabu ya kwetu sisi watu wa kusini ingawa makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Bendi zetu zililichukua neno hilo mapema, Dar es Salaam Jazz tangu miaka ya 1930, na kulibandika juu ya muziki wa dansi ambao Mmarekani angeusikia asingeuita hivyo hata kidogo. Nilimwekea Coltrane. Akavumilia dakika tatu. "Hii ni jazz gani? Gitaa liko wapi?" Kesho yake akaja na sanduku la bati lenye kaseti thelathini na kitu. Alizirekodi miaka ya 1980 kutoka RTD, nyingi zikiwa nyimbo ambazo tayari zilikuwa zilipendwa, kwa redio aliyoinunua kwa pesa ya korosho na betri alizozianika juani zikichoka. "Wapelekee wenzako," akasema, "wasikie jazz."

Ndipo tamaa ikaniingia. Nilitaka Jumapili moja niweke mezani albamu ya NUTA Jazz, ikae kando ya Kind of Blue bila kuona haya. Shida ni kwamba bendi zetu za enzi hizo kwa kawaida hazikutoa albamu. Ziliingia studio za Radio Tanzania, zikarekodiwa kwenye mikanda, na mikanda ikabaki redioni. Nyingine zilitoa santuri ndogo, wimbo huku na wimbo kule, zikachapwa Kenya kwa sababu hapa hatukuwa na kiwanda. Msikilizaji wa Chiwata hakuwa na cha kununua. Alikuwa na redio, kidole juu ya kitufe, na familia iliyoamriwa kunyamaza. Kwa hiyo nikajitengenezea mwenyewe: nyimbo kumi na moja, majina yamepangwa, picha ya jalada niliyoichora, kelele zote nimetoa. Nikaona fahari. Nikampelekea mjomba kwanza, kwa heshima, na yeye akaniuliza lile swali.

Nililipeleka swali hilo kwa wenzangu, na hatujawahi kugombana vile.

Mwalimu alinitetea. Kazi ya sanaa, alisema, ni ya waliyoitunga. Wanamuziki wa NUTA hawakumwalika mke wa mjomba wako kwenye wimbo wao, kwa hiyo ukimtoa unawarudishia haki yao. Huzuni ya mjomba ni halali, ila ni huzuni juu ya mkewe, si juu ya muziki. Hoja hii bado naiheshimu. Ukiitupa kirahisi, hutakuwa na la kumwambia mtu anayechora masharubu kwenye picha ya mwenzake.

Lakini dada wa duka la dawa alimgeuzia. Kama tunasema haki za wanamuziki, alisema, mjomba aliwaibia enzi zile na wewe umewaibia mwaka huu, na sisi tunaoazimana kadi tunamwibia Miles Davis kila wiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999; nani kati yetu amewahi kuikumbuka mtu akimnyooshea kadi? Muhidin Gurumo aliimba zaidi ya miaka hamsini, NUTA, Mlimani Park na kwingineko. Alipostaafu mwaka 2013, kijana Diamond Platnumz alimpa zawadi ya gari dogo, na nchi nzima ikashangilia. Dada anasema yeye hakushangilia. Aliona mzee anapewa zawadi badala ya kulipwa deni, na wadaiwa tukiwa ndio tunaopiga makofi.

Tulinyamaza. Fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Mimi sina jibu safi kwa hilo. Najua kwamba bila wizi ule mdogo wa kidole na kitufe, nyimbo kadhaa ambazo sasa ninazo nisingezisikia kamwe. Najua pia kwamba "isingefika bila mimi" ndilo neno la kila mchukuaji. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala mwaka 1906 na fonografu yake, wakati nchi ya kusini ilikuwa bado inatoka kwenye Majimaji. Alinasa nyimbo za watu wetu kwenye mitungi ya nta, akaenda nazo Ujerumani. Ukitaka kusikia sauti za mababu wa uwanda huu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, unalazimika kumshukuru mtu aliyekuja chini ya bendera iliyokuwa ikiwapiga. Katika kitabu chake alimtaja kwa jina mwimbaji mmoja kipofu wa Masasi, Sulila. Hilo nalimhesabia. Lakini wengine wengi waliomwimbia wamebaki kundi tu, "wanawake", "wapagazi", bila jina. Kwa mtaalamu kilichokuwa cha maana ni wimbo. Aliyeimba alikuwa kelele ya pembeni.

Nilipofika hapo katika kufikiri, sikujipenda. Maana hivyo ndivyo nilivyofanya usiku ule, na mimi sikuwa na fonografu wala bendera.

Chukua hata hiyo Kind of Blue yenyewe, ya kwanza katika daftari. Machi 2, 1959, siku ya kwanza ya kurekodi, mashine kuu ilikuwa inazunguka taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka kwenye santuri zikiwa juu kidogo ya sauti iliyopigwa studio. Kosa hilo lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992, kwa kutumia mkanda wa mashine ya pili. Miaka thelathini na zaidi dunia ililia na kuoa na kuzika kwa santuri yenye kosa, na wapiga ala wakajifunza kwayo, wakihangaika kulinganisha piano zao na rekodi. Ipi basi ndiyo albamu ya lazima? Iliyopigwa au iliyosikika? Mwalimu anasema iliyopigwa, bila kusita. Fundi, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema, "Niweke zote mbili. Nafasi ipo." Naona fundi simu alimshinda mwalimu wa hesabu.

Na humohumo ndani yake kuna jina lililopunguzwa. Blue in Green ilipotoka iliandikwa kuwa ya Miles Davis peke yake. Bill Evans, aliyepiga piano, alidai kwamba ni yake. Sitaamua kesi hiyo kutoka Chiwata. Nasema tu kwamba kitu kinapofikia kuitwa cha lazima, mara nyingi kimeshapitia mkononi mwa mtu mwenye mkasi, na sisi tunaokipokea tunaona kilivyo laini tukidhani kilizaliwa hivyo.

Siku chache baadaye nilimrudia mjomba. Nilitaka kuomba radhi vizuri, maana mara ya kwanza nilikuwa nimeeleza tu. Nilimkuta anaparura chini ya mikorosho. Nikamsalimia, akaitikia, akaendelea kuparura. Nikamwambia kuhusu daftari la mwalimu, nyimbo ambazo kila mtu lazima azisikie.

"Zipo," akasema. "Wewe si umepita jandoni?"

"Nimepita."

"Basi zile ndizo za lazima. Hakuna mtu mzima asiyezisikia. Umempa nani?"

Sijampa mtu, wala hapa siziandiki. Nilikuwa sijawahi kuzifikiria zile nyimbo pamoja na albamu za mwalimu, ingawa ndizo pekee maishani mwangu zilizowahi kuwa za lazima kwelikweli. Tulifundishwa na mtu aliyetutazama usoni, mahali maalumu, kwa siku zake, na tukaambiwa ziishie wapi. Vijana wa leo tunaamini kwamba kugawa ni wema na kuficha ni uchoyo. Yule aliyenifundisha jandoni hakuwa mchoyo. Alijua anampa nani, na alibaki anawajibika kwangu. Hata leo nikikutana naye njiani hunitazama kama mtu anayekagua nyumba aliyoijenga. Mimi nilipogawa kadi yenye albamu arobaini kwa binamu yangu aliyeniomba moja tu, sikuwajibika kwa chochote. Sijui hata kama alisikiliza. Kweli nilimtwisha mzigo nikaita zawadi.

Sitaki kusema turudi kwenye kuficha. Ningekuwa mnafiki, maana Jumapili bado naenda na kadi yangu. Wala siamini kwamba mjomba alikuwa sahihi katika yote: mwalimu ana haki kusema kwamba kicheko cha mkewe hakikuwa sehemu ya wimbo wa NUTA, na msikilizaji wa Bukoba hadai kukisikia. Kosa langu naliona mahali padogo zaidi. Nilipewa kitu kizima, nikaamua peke yangu, usiku, kipi ndani yake ni kazi na kipi ni kelele, kisha nikaharibu kisichorudi. Ningeweza kutengeneza albamu yangu iliyotakata na kuiacha rekodi ndefu ikae kama ilivyo. Ningeweza kuuliza. Huku kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba; sanduku lile lingekuja kwangu siku moja kwa vyovyote. Labda ndiyo maana sikuuliza. Nilijiona tayari ni mwenyewe.

Zimebaki kaseti ishirini na tisa. Sasa naziingiza moja moja, kuanzia mlio wa kitufe hadi mlio wa kitufe, na mjomba hukaa kando yangu na kuniambia nani ni nani. Huyu anayekohoa ni baba yake fulani. Huyu ni mbuzi wa jirani, alikuwa msumbufu. Naandika katika daftari. Kwenye wimbo, naandika bendi na mwimbaji anapowakumbuka. Mkewe tumemsikia mara mbili mpaka sasa, lakini anazungumza na mtu mwingine, na hacheki.

Jumapili iliyopita zamu ilikuwa yangu. Sikupeleka NUTA. Nilipeleka Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960, ambayo haikuwa katika kurasa nne za mwalimu, nikamwalika na mjomba. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike ndani ya albamu ile, na lugha hiyo ikawa yetu. Inaanza na ngoma, kisha Mtanganyika aitwaye Tuntemeke Sanga anasoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes juu ya uhuru, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu wenyewe. Afrika Kusini ya makaburu waliipiga marufuku. Wamarekani walipenda sana maneno yetu miaka ile na baadaye: bendi nzima ya Herbie Hancock ilijipa majina ya Kiswahili, yeye akiwa Mwandishi, na mpiga tromboni Julian Priester akawa Pepo Mtoto, jina ambalo mama yeyote wa huku angelikimbiza kwa mganga. Walilichukua neno letu bila kuuliza sana, kama sisi tulivyolichukua jazz.

Mjomba alikaa kwenye stuli ya fundi, fimbo baina ya magoti. Ngoma zilipoanza hakusema kitu. Kiswahili kilipoingia akainua kichwa.

"Huyu ni nani?"

Mwalimu akamtajia.

"Mtaje tena."

Akamtaja tena. Mjomba akalirudia jina polepole, akatuomba turudishe mwanzo. Fundi akarudisha. Sanga alikuwa ndiyo kwanza anaanza mteja mmoja alipochungulia mlangoni na simu mkononi, akiuliza kwa sauti kubwa. Fundi akamwonyesha kiganja.

"Subiri kidogo, tunasikiliza."

"Mwache aseme," mjomba akamwambia. "Anataka nini?"

Alikuwa anataka chaji ya pini ndogo.